Asali Haichemshwi

Sukumaran,

Majani ya adalodakam ya kikohozi cha mwanao Ammini yako jikoni, yamefungwa kwenye jani la mgomba, yanapikwa kwa mvuke. Usiyasage mabichi kama jana, hutapata hata tone. Yakilainika, yakamue kwa kitambaa. Maji yake yakipoa ndipo utie asali na pilipili manga.

Yakipoa, nimesema. Leo asubuhi umechemsha asali. Hata wendawazimu wa barabarani wanajua asali ya moto ni sumu. Nilipoimwaga ukaniuliza mbele ya mkeo, “Baba, udaktari umesomea stendi gani?” Ile ya mabasi ya Palakkad iliyokulipia karo, bwana msomi. Wewe miaka kumi na sita darasani, na kijiko cha asali kimekushinda.

~~Sirudi.~~ Narudi jioni. Naenda Ottapalam kuomba majani mengine, maana kichaka chetu ulikifyeka ili upande nyasi za kutazama.

Ammini akihema kwa shida, mpeleke hospitali, usinisubiri.

Akikataa dawa kwa sababu ya uchungu, onja kwanza wewe mbele yake, na usikunje uso. Ulipokohoa utotoni, mimi nilikuonjea wiki tatu.

Baba yako