Firigisi ni ya Baba

Doornfontein, Johannesburg
3 Juni 2018

Kwako Baba mpenzi,

Salamu nyingi sana. Habari za Likasi, na ule mgongo wako unasemaje? Sisi huku tu wazima, mimi na Benita. Saluni ina wateja, vidole vinauma kwa kusuka, lakini namshukuru Mungu.

Kwanza nina ugomvi na wewe. Tangu Pasaka nakupigia, simu inalia mpaka inachoka. Tantine Jeanne akipokea anasema umelala, au uko kanisani. Dada yako huyo hajui kudanganya. Kuna mwanamke umempata? Sema tu, Mama ametuacha mwaka wa kumi na mbili sasa, sitakasirika sana.

Habari yenyewe ni hii. Kusini mwa jiji kuna bustani ya michezo, penye mgodi wa zamani wa dhahabu, ina gurudumu kubwa linalopandisha watu juu mpaka wauone mji wote. Tarehe ishirini na nne, mwezi wa tisa, watafanya sikukuu ya chakula na divai. Meza ndefu zenye vitambaa vyeupe, wapishi wa kila taifa, divai za Cape za kila aina. Mteja wangu anafanya kazi pale, ndiye aliyenionyesha tangazo. Nililiangalia nikakuona wewe. Miaka thelathini na moja umewamiminia mabosi divai kwenye nyumba ya wageni ya kampuni, umesimama nyuma yao na kitambaa mkononi, na hakuna hata mmoja aliyekuambia keti. Njoo, Baba. Utakaa, na mimi nitakumiminia.

Ningekuja kukuchukua mwenyewe, lakini unaijua karatasi yangu ya ukimbizi. Nikirudi Congo hata siku moja imekufa, na Benita atabaki huku bila mama. Miaka tisa sijakuona. Pitchou wa basi atakupa barua hii mkononi, na siku ya safari atakuwekea kiti cha mbele.

Binti yako,
Agnès


Likasi
21 Juni 2018

Binti yangu Agnès,

Barua imefika na salamu nimezipokea zote. Mgongo unasema bado upo. Tantine yako anakusalimu, anashukuru kwa kuitwa mwongo.

Mwanamke sijapata. Simu ndiyo imeharibika: sauti yako inaleta, yangu haipeleki. Tuandikiane tu. Barua ina heshima yake, na mtu anaweza kuirudia akipenda.

Hiyo sikukuu imenivuruga kichwa! Nimemwambia Jeanne atoe koti langu jeusi alianike. Lakini nina masharti. Hatuanzi na nyekundu. Tunaanza na nyeupe, ya baridi, pamoja na samaki. Mtu akikujazia glasi mpaka juu, hama meza, huyo hajui kazi. Na nisikuone umeikumbatia glasi tumboni kama unashika kuku, shika mguu wa glasi. Gurudumu mtapanda wewe na mjukuu wangu, mimi nitawashikia viatu.

Niandikie watapika nini. Usifupishe, mwanangu. Taja kila chakula, kimeungwa na nini, na kinanukia vipi.

Baba yako,
Ruphin


Doornfontein
15 Julai 2018

Baba mpenzi,

Hujambo? Sisi hatujambo, ila baridi ya huku inaingia mpaka kwenye meno. Benita amepoteza jino la mbele na anataka ulijue hilo kabla ya mambo mengine.

Nimeshika nafasi tatu, meza ya karibu na bwawa. Nilikwenda pale Jumapili kuuliza vyakula, eish, wakaniona mimi ndiye mwandishi wa gazeti. Sikiliza. Kuna samaki wa mtoni anayechomwa kwenye majani ya ndimu, ngozi inakauka hadi inalia ukiigusa kwa kisu. Kuna jibini aina kumi na nne, moja inanuka kama soksi za Pitchou, wanaila na asali. Kuna mkia wa ng'ombe unaochemshwa kutwa nzima katika divai nyekundu hadi nyama inaacha mfupa yenyewe. Halafu, shikilia kiti: kuna mama mmoja wa Lubumbashi atapika kuku kwa mafuta ya mawese, na bukari, ule ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo. Nimemwambia baba yangu anakuja, naomba firigisi. Akasema hilo mtu haombi, firigisi ya baba inawekwa pembeni kabla chungu hakijapanda motoni.

Unakumbuka nilivyoiiba nikiwa na miaka saba? Mama alitaka kunichapa. Ulisema, "Mwacheni, leo amekuwa baba wa nyumba, basi alipe kodi." Mtaa mzima ulinicheka wiki nzima.

Pasipoti imefika wapi? Pitchou anakuletea na simu mpya. Sasa huna kisingizio, nataka sauti.

Binti yako,
Agnès


Likasi
12 Agosti 2018

Agnès mwanangu,

Salamu kwako na kwa Benita na jino lake. Sisi tupo.

Ule mkia wa ng'ombe nimeusoma mara nne. Asante. Simu nimeirudisha, mpe mtoto. Ya pasipoti usijali.

Ukimimina, mwishoni zungusha chupa kidogo ndipo uinue, tone lisianguke kwenye kitambaa. Fanya mazoezi na maji.

Na ile firigisi, kula wewe.

Baba


Doornfontein
9 Septemba 2018

Baba,

Natumaini barua hii inakukuta na afya. Safari hii naandika neno hilo nikiogopa.

Barua yako nilicheka nayo. Niliwaambia wenzangu saluni, mzee wangu amezeeka, anagawa firigisi. Jana nilinunua kuku Fordsburg. Napakua, Benita akanyoosha mkono achukue firigisi, nikamwambia hiyo ni ya baba wa nyumba, na kwetu haigusi mtu mwingine baba akiwa hai, labda mwenyewe aitoe. Nikasimama na mwiko mkononi. Ulinisimulia mwenyewe: babu alikupa firigisi yake siku ya Jumapili, na Ijumaa mkamzika.

Nilimfuata Pitchou stendi ya mabasi. Hakunitazama usoni. Alisema, "Dada Agnès, mzee aliniapisha. Mwandikie umuulize yeye."

Nakuuliza wewe. Una nini, Baba? Niambie, la sivyo napanda basi hili hili linaloleta barua, karatasi ife.

Agnès


Likasi
16 Septemba 2018

Binti yangu,

Usipande basi. Keti, usome polepole.

Ni koo. Kuna uvimbe. Sauti iliondoka wakati wa Pasaka, ndiyo maana simu sikupokea. Tangu mwezi wa tano sijameza kitu. Wameniwekea mpira tumboni, Jeanne ananimiminia uji humo, na mkono wake mzito anamwaga, sijui ni nani wa kumfundisha, maana aliyejua kazi hawezi kusema. Daktari amesema hakuna la kukata tena.

Nilijua tangu barua yako ya kwanza kwamba sitakuja. Nisamehe. Nilitaka kukuandikia ukweli, nikakuta nimeandika masharti ya divai. Ulipoitaja ile ngozi ya samaki mate yalinijaa mdomoni, Agnès. Miezi ilikuwa imepita. Ningekuambia, ungeacha kuandika vyakula, ungeandika vilio. Nilikuwa na njaa, mwanangu. Kila Pitchou alipokuja, nilikula.

Ukija utanikuta, labda. Halafu utarudi wapi? Mimi nilisimama nyuma ya viti vya watu ili wewe ukae. Sitaki uje kusimama nyuma ya jeneza langu huku mtoto wako akikulilia ng'ambo ya mpaka.

Nenda kwenye ile meza. Vaa vizuri. Kiti changu wasikiondoe. Nimiminie, uzungushe chupa. Kula vyote nilivyovisoma, halafu niandikie. Na firigisi ule. Natoa mimi mwenyewe.

Baba yako


Doornfontein
25 Septemba 2018

Baba yangu,

Sijui nikuulizeje hali. Nakuuliza hivyo hivyo.

Tumekwenda. Nilivaa nguo yangu ya bluu. Mhudumu wa meza yetu alikuwa mzee wa makamo yako, mkono mmoja nyuma, kitambaa mkononi. Alitaka kuondoa kiti cha tatu, nikamwambia kina mtu. Akaweka glasi ya tatu. Alipomimina hakuvuka theluthi ya glasi, ungempenda. Nilimwambia keti kidogo, akacheka, akasema bosi anaangalia. Hapo ndipo nilipolia, Baba, mbele za watu, na mdomo umejaa samaki.

Ile ya kwako niliimimina mwenyewe. Nilizungusha chupa. Tone halikuanguka.

Samaki: ngozi ililia kweli, chumvi kwanza, ndimu baadaye. Jibini ya soksi ni nzuri ikiwa na asali, shida iko puani tu. Mkia ni laini, utamu wake umekaa ndani kabisa, mtu haumalizi kwa haraka. Bukari ilikuwa na madonge, samehe. Tulipanda gurudumu na Benita, tulipofika juu akaniuliza kwa Kiingereza kama kule mwisho ndiyo Congo. Nikasema ndiyo. Akakupungia mkono.

Nimetii yote isipokuwa moja. Firigisi nimeifunga kwenye kitambaa, nimeiweka kwenye friza. Sitaila. Maadamu ipo, wewe ndiye baba wa nyumba.

Binti yako,
Agnès


Likasi
30 Septemba 2018

Agnès,

Nimeshiba.

Hiyo moja umenikatalia, nami nimechoka kungoja mlangoni. Kula, mwanangu.

Baba


Doornfontein
9 Oktoba 2018

Baba,

Leo sikuulizi afya.

Tantine Jeanne alipiga simu Alhamisi. Barua yako Pitchou alinipa Ijumaa, wewe ulikuwa umekwenda tayari. Jumamosi walikuzika na koti lako jeusi, saa nne, na mimi saa nne nilikuwa nasuka kichwa cha bibi harusi, kwa sababu ningefunga saluni ningetembea kwa miguu hadi Likasi. Naumia, Baba. Sina pengine pa kulisema ila hapa. Nimemwomba Tantine akusomee barua hii pale kaburini, kwa sauti, hata watu wakimshangaa.

Jana niliitoa kwenye friza. Niliipasha moto na kitunguu na mawese kidogo. Benita akaja na sahani yake, akataka nusu. Mkono ulikwenda kumkatia, ukarudi. Nikamwambia hapana, hii ni ya mwenye nyumba.

Akaniuliza, "Si ulisema ni ya babu?"

Niliketi. Nimeila, Baba, yote.

Binti yako