Nilisukuma Velo ya Riziki

Papa Riziki,

Nakusalimia kutoka huku Uganda, mu kambi ya wakimbizi, mi bibi yako mwenye ulioa. Mugongo yako iko namna gani? Mvua imenyesha vizuri kule Mweso, ao maharagi imeoza tena mu shamba? Wenye bunduki wameacha kupita ku mulima wetu? Unijibu yote, usiniandikie tu "tuko sawa" vile unafanyaka. Sisi miili iko mizima. Lakini ndani ya nyumba hakuna amani, na nakuandikia ku karatasi kwa sababu ku simu nitalia na hautasikia kitu.

Mutoto wako Riziki hanisemeshi. Leo iko siku ya tisa. Napika, anakula kwa jirani. Naenda kumuamusha, ameisha kutoka. Na weye njo ulimufundisha kupanda velo, hii baiskeli, hapa kambi kabla ya kurudi Mweso, usinyamaze kama mutu mwenye haiko ndani!

Unakumbuka ile mashindano ya velo ya milimani nilikuambia. Siku mbili nzima, njia ya mawe na matope, juu kabisa kwenye baridi, pale hata ukitembea tu pumzi inakatika. Wasichana watatu wa kwanza wangeingia mu ekipe, timu ya velo, wapewe velo ya nguvu, waende kushindana mu inchi zingine. Riziki alijitayarisha mwaka muzima. Siku ya kwanza alikuwa wa tatu. Ningebaki nyumbani namna gani? Siku ya pili nikapanda kamio, lori ya kubeba viazi, nikaenda kusimama ku mupando wa mwisho na triko yake ya baridi mu mukono.

Ukungu ilikuwa mingi, nilisikia pumzi yake kabla ya kumuona. Akatokea. Midomo nyeupe, damu ku goti, machozi na makamasi vimechanganyika. Gurudumu inateleza, anarudi nyuma. Na kule chini musichana wa ine, mwenye anamufuata, anakuja.

Mi sikufikiri kitu. Kwetu, ku mupando wa Kitshanga, mutu akipanda na velo ya mizigo, mwenye iko nyuma anaweka mikono. Hata haumujue. Hata mumegombana. Nani anapitaka tu anaangalia? Nikaangusha triko, nikaweka mikono chini ya kiti, nikasukuma.

"Mama, acha!"

Nikasukuma.

"Acha, Mama! Utaniua!"

Nikafikiri iko ile "acha" ya adabu tunasemaka, yenye ukiisikia unaongeza nguvu. Nikamujibu, "Nyamaza, kanyaga!" Nikamufikisha mpaka juu, Papa Riziki, na hii miaka yangu.

Pale juu arbitre, mwamuzi wa mashindano, alikuwa amekaa ku pikipiki yake, mwanaume wa tumbo. Akashuka polepole, akamutoa Riziki numero ku kifua kama vile mutu anatoa nyasi ku nguo. "Amesaidiwa. Ametoka."

Nikamuambia, "Papa, ni mi nilifanya. Unitoe mi!"

"Wewe, mama, haukuwa mu mashindano."

"Basi mutoto anaazibiwa kwa mikono ya nani?"

Akacheka. Akaniambia niende nikasukume ngombe.

Riziki hakulia. Aliniangalia vile hata mwizi hawamuangaliake. Akasema, "Mama, ningefika." Akapanda velo, akamaliza njia yote bila numero. Hakuna mwenye aliandika saa yake.

Sasa hapa kambi wananiita Mama Motere, ati mi njo injini ya velo. Juzi ku bomba ya maji mwanamuke moja akanipigia kelele: "Mama Motere, kuja usukume bido yangu ya maji, ao petrole imeisha?" Wakacheka wote. Nikamumwangia maji ya ile bido yake. Sijute.

Kisha mwalimu wake wa velo akakuja. Ekipe imejaa, lakini kiangazi yenye inakuja watatafuta musichana moja tena, ku mulima ule ule. Riziki akakubali. Akamuambia mwalimu, mi nikiwa pale kama kiti: "Mama asikuje. Akikuja, sipande." Nikakasirika! Nikamuambia Riziki nilimubeba ku mugongo toka Mweso tukikimbia, na ile barabara haiko ya baba yake. Akatoka, akafunga mulango kwa nguvu.

Usimuandikie kuniombea. Umuandikie tu akule.

Unisalimie mama mukwe wangu, na dada yangu mudogo wa Kitshanga, umuulize kama amejifungua. Kaka yangu mukubwa kule Walikale, mwenye anauzaka mawese, akisikia hii habari atacheka, umuambie anyamaze.

Nimewaza hizi siku zote, Papa Riziki. Kiangazi sitaenda. Haiko kwa sababu amenikataza, mi siogope mutoto nilizaa. Ni kwa sababu najijua. Nikimuona tena pale anarudi nyuma, hata arbitre kumi wasimame, nitasukuma.

Mi bibi yako, na kasirani yangu yote,
Mama Riziki