Siku Tisa za Bayel kwa Wifi Yangu

Mpendwa mshauri wetu wa redioni, Bi Sayragul, nisaidie, maana hapa kijijini kwetu At-Bashi sina wa kumwambia. Mimi ni mama wa watoto watatu, Aijarkyn ana miaka kumi na miwili, Maksat tisa, na kitinda mimba wetu Bayel ana miwili na nusu, na huyo wa mwisho hatulii, anampanda kaka yake mgongoni akimwita farasi, kofia ya baba yake anaitumbukiza kwenye ndoo ya maziwa, siku moja tulimkuta amekaa ndani ya beseni la unga, mweupe mpaka kope, anasema, "Mimi babu!" na wenzake wakacheka mpaka wakagaagaa chini.

Kosa langu ni kwamba nikiwa na mimba yake, wifi yangu Gulsun, dada wa mume wangu, ambaye mimba nne zimemtoka, alikuja akalia mezani kwetu, nami kwa huruma nikamwambia mbele ya mama mkwe, "Usilie wifi, huyu ni wako," mama mkwe akaomba dua, tukapitisha mikono usoni, na kwetu si jambo geni, wengi wamelelewa na shangazi zao, tukakubaliana nimnyonyeshe kwanza.

Mwezi uliopita akaja kumchukua. Maksat akamng'ang'ania mdogo wake, "Shangazi, chukua baiskeli yangu, Bayel muache." Baba yake akamfokea, gari likaondoka, nyumba ikawa kimya, Aijarkyn akawa anamwekea Bayel bakuli lake kila mlo, nikiliondoa analirudisha.

Siku ya tisa Gulsun akamrudisha. Alipomweka chini tu mtoto akakimbia akipiga kelele, "Farasi wangu!" wakaanguka na kaka yake kwenye nyasi, wanacheka. Gulsun akasimama akiwatazama. "Kwangu hakucheka hata mara moja, wifi," akaniambia. "Nilimfanyia kila kitu." Nikamwomba aingie anywe chai, akasema, "Nikiingia sitaweza kutoka," akaenda zake.

Sasa mume wangu anasema ahadi ni ahadi, tumrudishe, mtoto huzoea, mama mkwe hanisemeshi, wifi hapokei simu, nami kila watoto wakicheka nalia. Nifanye nini?

Burulcha, At-Bashi

*

Burulcha, barua yako imeniliza, tena imenikasirisha, kwa hiyo vumilia. Mtoto si bakuli la siagi la kumpa mgeni aliyekuja na huzuni zake. Ulitaka wifi yako aache kulia, ukampa neno, na kwa neno hilo akaishi miaka mitatu, bila shaka akishona nguo ndogo. Najua ulisema kwa upendo. Umemuumiza kwa upendo, mama, na maumivu ni yale yale.

Lakini Bayel harudi kokote. Mwambie mumeo, "Dada yako ameifungua ahadi mwenyewe, wewe unamshikia nani?" Gulsun alimtazama mtoto akaona kile ambacho nyinyi wakubwa wote mle ndani hamkutaka kukiona, ingawa Maksat aliwaambia waziwazi.

Sasa nenda kwake. Nenda peke yako, usimbebe Bayel ukamchome moyo, wala usipeleke nyama ya kuomba radhi. Akifungua mlango sema, "Nilikuahidi nisichoweza kutoa, nimekukosea," halafu nyamaza. Akikutukana, kaa utukanwe. Asipofungua, rudi wiki ijayo, na inayofuata. Na usithubutu kumwambia Mungu atampa wake, ameshaambiwa hivyo mara nne.

Huko nyumbani, acha kulia mbele ya watoto wakicheka. Maksat ataanza kudhani kumpenda mdogo wake ni dhambi. Machozi yakikuzidi nenda zizini, ulie yaishe, nawa uso, urudi ukae nao mkekani. Gulsun aliondoka mikono mitupu ili kelele hizo zibaki nyumbani kwako. Kaa uzisikilize.