Afisa kanirudishia maneno yangu

Shoga, nimetoka ubalozini sasa hivi.

Tangu wanifukuze nchini kwao na kunipiga marufuku, leo ndiyo nimeomba kibali nirudi kwa mwanangu. Kimeota mbawa.

Afisa ananiuliza, "Mama, ni kweli ukiingia hutoki tena, hata ukokotwe kwa kamba?" Nikamwambia, "Nani kasema?" Akajibu, "Huyohuyo anayekulelea mwanao." Yaani wifi!

Kwa kamba! Kwa kamba, shoga!

Wifi hanitaki, hilo si jipya. Anataka mtoto abaki kwake.

Lakini maneno hayo niliyasema mara moja tu, tena kwa utani, jikoni kwako, tukiwa wawili, wewe unakatakata vitunguu.

Sasa wifi kayapata wapi?

Usinitumie sauti. Andika.