Hema Ulilotuma Nabuyoga

Soko la Busia,
Upande wa Uganda,
Jumatatu, 5 Mei 2025.

Mpendwa mwanangu Opendi,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, na nakusalimu nikiwa na hasira, ujue mapema. Hujambo? Mkamwana wangu Valarie hajambo? Na kale kajukuu kangu, Apendi, jino lake la mbele limeota? Sisi huku tu wazima. Magoti yangu yanauma mvua ikinyesha, na mwaka huu mvua haichoki, lakini bado naamkia kwenye meza yangu ya mitumba na kubishana na wateja wa pande zote mbili za mpaka. Baba yako, kaka yangu, huko nyumbani Nabuyoga anakula. Macho yake ndiyo yamepungua.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu yako unajua kuizima. Nikipiga, ati mlimani hakuna mtandao. Nikituma ujumbe wa sauti wa dakika tano, unanijibu kwa picha ya kidole gumba. Sasa barua hii ijibu kwa kidole gumba, nione. Na naandika Kiswahili kwa sababu Dhopadhola, lugha yetu, uliisahau hapa kwangu Busia ukiwa sekondari, na Kiingereza changu si cha kugombeza mtu nacho.

Picha za Colorado zimefika. Norah binti yangu alinionyesha zote hapa mezani, moja moja. Ya kwanza mmesimama juu ya theluji na mbao ndefu miguuni, miwani mikubwa usoni kama mafundi wa kuchomea vyuma. Ya pili mmeketi ndani ya maji moto yanayotoka ardhini, mvuke unapanda, mmetulia kama mihogo kwenye sufuria. Ya tatu uko peke yako kileleni, umeinua mikono, na chini umeandika kwamba hapo ndipo roho yako inapotulia.

Nilimwambia Norah arudie kusoma. Wewe, Opendi? Wewe uliyeshika ngazi za mwamba wa Tororo ukalia hadi mwalimu akakubeba mgongoni kukushusha, darasa zima linatazama? Leo roho yako inatulia juu ya mlima wa watu.

Simkatazi mtu kupumzika. Najua kazi yako ya kuinua wagonjwa wazee kutoka kitandani ni nzito, na mgongo ni mmoja. Hiyo milima Mungu aliiumba itazamwe. Kilichonichoma ni kitu kingine. Uliandika kwamba huko mahali pa kupiga kambi mtu hupahifadhi miezi sita kabla. Miezi sita, ili ukalale chini kwenye mawe na dubu anazunguka. Na wiki mbili za kuja Nabuyoga umeshindwa kuzihifadhi kwa miaka tisa.

Sasa nisikilize. Jambo hili unalijua, lakini nitalisema tena usije ukajifanya umesahau. Nyumbani kwetu mtoto wa kwanza wa kiume ndiye anayesimika nguzo ya kwanza katika boma la baba yake. Akishasimika, wadogo zake wanafuata. Mdogo akitangulia, amemruka kaka yake, na wazee husema amemzika akiwa hai. Sheria hiyo sikuitunga mimi, niliikuta.

Ndiyo maana Owori mdogo wako, mwanamume wa miaka thelathini na moja, fundi mwashi aliyejenga nusu ya Nabuyoga, alikuwa analala na mkewe katika jiko la marehemu mama yako. Matofali yake mwenyewe aliyachoma mwaka juzi. Yalikuwa yamepangwa nyuma ya zizi, yameota majani. Phiona mkewe ana mimba ya miezi saba, na macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi kila siku ya Mungu.

Uliahidi kuja Desemba. Desemba ya kwanza ulisema kazi. Ya pili ulisema mtoto mdogo, tukakuelewa. Ya tatu ulisema mwaka huo theluji ilikuwa nzuri sana, ingekuwa hasara kuiacha. Baba yako aliniuliza theluji inakuwaje nzuri.

Badala yako likaja hema. Cornelius wa Dabani, huyo mnayeishi naye mji mmoja, alikuja likizo mwezi wa tatu akaleta mfuko mrefu wa kijani na kakaratasi kako: ili mzee na watoto wa jirani wafurahie kulala nje kama sisi. Mwanangu, huku mtu anayelala nje ni yule ambaye nyumba yake imebomoka. Hajawahi kufurahia.

Na nyumba ikabomoka kweli. Wiki hiyo hiyo mvua iliangusha ukuta wa jiko. Owori akatoa hema lako kwenye mfuko, akalisimamisha nyuma ya zizi, akalala humo na mkewe siku tatu. Hakufikiri. Na kama angeniuliza, mimi pia nisingefikiri, ningemwambia lala.

Wa kwanza kuja mbio alikuwa jirani yetu Omoding, kofia mkononi, anauliza nani amefariki, maana unajua boma lenye hema ni boma lenye matanga. Alipoona jinsi lilivyo dogo akashusha sauti akauliza kama ni mtoto. Waliponipigia kunisimulia, tulicheka sana siku hiyo. Siku ya tatu asubuhi akaja mzee Ofumbi, mkubwa wa ukoo, kuomba mbegu ya mtama. Akamkuta Phiona anatoka ndani ya hema na beseni lake la kunawia. Mzee alisimama, akamtazama, akalitazama hema, kisha akageuka akaenda zake. Mbegu hakuomba tena.

Kufikia mchana neno la mzee limeshatumwa. Owori amejenga, amemruka kaka yake. Phiona arudi kwao Masinya mpaka boma litakaswe, na mtoto akizaliwa huko ahesabiwe wa huko. Yaani mjukuu wa baba yako, damu yetu, asiwe na kwao kwetu, kwa sababu ya kitambaa cha kijani ulichotutumia tufurahie.

Nilifunga meza nikapanda bodaboda. Nilimkuta Phiona ameshafunga nguo zake kwenye leso, ameketi juu ya kifurushi, mkono tumboni. Hakulia, hakumlaumu mtu. Aliniuliza tu nani atampikia baba uji. Hapo ndipo hasira hii ilipoanza, Opendi, na mpaka leo sijaimaliza.

Kesho yake wazee walikaa kuanzia asubuhi mpaka jua linatua, wamezunguka chungu cha malwa, pombe yetu ya wimbi, mirija mdomoni, wanaamua kama hema ni nyumba. Usicheke. Mmoja alisema nyumba ni nguzo, na hili halina nguzo. Mwingine akaingia ndani akachomoa fimbo yake moja ya chuma, akaja kuisimamisha mbele yao, hema likalala upande mmoja. Mwingine akasema pasipo mafiga si nyumba. Mzee Ofumbi aliwaacha waseme wote, kisha akasema nyumba ni mlango unaofungwa kutoka ndani. Akainuka, akaivuta ile zipu juu na chini mara tatu. Watu wote wanaisikiliza.

Owori alikuwa ameinamisha kichwa. Nikaona tumekwisha.

Mwanamke hasemi pale asipoulizwa, lakini mimi ni binti wa boma lile, kitovu changu kiko pale. Nikasimama nikauliza hema ni la nani. Nikauleta ule mfuko nikauweka miguuni pa mzee. Valarie, Mungu ambariki, alikuwa ameandika jina lako kwa wino mweusi, herufi kubwa: OPENDI. Nikasema, huyu ndiye aliyejenga. Ametanguliza nyumba yake jinsi msafiri anavyotanguliza mizigo. Owori alilala kwa kaka yake kama mgeni.

Mzee Ofumbi alipitisha kidole juu ya zile herufi, moja moja. Akaniuliza, "Awor, mtoto mwenyewe alisema hivyo?"

Nikasema, "Alisema. Na anakuja kabla ya Krismasi kuweka nguzo ya mti."

Hukusema hivyo. Hukusema chochote, ulisema tufurahie. Mimi shangazi yako, miaka sitini na sita, mwanamke ambaye huku mpakani neno langu halijawahi kurudishwa, nimedanganya mbele ya wazee wa baba yangu kwa ajili yako. Hii ndiyo hasira yangu. Hizo theluji zenu na maji moto yenu ni kelele tu, ningezisamehe siku hiyo hiyo.

Walikubali. Owori alitozwa jogoo mmoja kwa kuingiza mke katika nyumba ya mkubwa wake, na jogoo akaliwa pale pale, mguu mmoja nikapewa mimi. Hema likahamishwa upande wa kulia wa lango, pale pale ambapo nguzo yako ilikuwa inangojwa. Baba yako aliingia ndani kwa magoti akaweka lile sweta lako la shule, ili nyumba isiwe tupu. Asubuhi iliyofuata Owori akasimika nguzo yake. Yale matofali yameng'olewa majani, kuta zimepita madirisha, na Phiona hakwenda Masinya. Sasa anawapikia mafundi na kuwagombeza. Anajifunza kwangu.

Kwa hiyo hongera, una nyumba Nabuyoga. Ni ya kitambaa. Jua limeanza kuipausha, mbuzi wa Omoding wamevunja vigingi viwili, na kila Jumapili, siku ninayokuja kumwona baba yako, tukitoka kanisani mzee Ofumbi hupita kuitazama. Akimaliza kuitazama, ananitazama mimi.

Wahenga walisema milima haikutani, binadamu hukutana. Naona wewe umekaa na milima mpaka umekuwa mmoja wao.

Kuna jambo lingine, nalo sikutaka kuliandika. Baba yako hufagia mbele ya lile hema kila asubuhi. Haoni vizuri, anafuata kamba kwa mkono asije akajikwaa. Jioni anaifunga zipu kuku wasiingie. Juzi alipita mtu wa kuuza vyungu, akamuuliza hema hili ni la nani. Akasema ni nyumba ya mwanangu mkubwa. Yule mtu akauliza, na mwenyewe yuko wapi? Baba yako akasema, "Ametoka kidogo."

Nilikuwa karibu. Nikainama nikajifanya natafuta kiatu.

Basi, usitume kitu, na usimtume mtu. Njoo mwenyewe kabla ya Krismasi, na Valarie, na mtoto. Kama lazima upande mlima ili roho itulie, mwamba wa Tororo haujahama, na wala hauhifadhiwi miezi sita. Nitakushika mkono kwenye ngazi, magoti haya haya. Lakini kwanza utaniwekea nguzo yangu ardhini, ya mti, mbele ya mzee Ofumbi, ili neno langu liwe la kweli.

Owori anakusalimu. Amenikataza kukuandikia hivi, anasema kaka ana shughuli nyingi. Huyo ndiye mdogo wako, mjue. Phiona anakusalimu, na yule wa tumboni anarusha mateke. Norah anakusalimu, na Omoding anaomba radhi kwa mbuzi wake. Patroba wa upande wa Kenya, uliyekaa naye dawati moja, kila akivuka ananiuliza unakuja lini. Mbusu Apendi kwa ajili yangu, umwambie ana bibi Busia mwenye mdomo mrefu.

Mungu akulinde huko juu, miguu yako isiteleze, dubu wakupishe njia, na asubuhi moja uamke ukitamani uji wa mtama.

Ni mimi shangazi yako, anayekupenda hata katikati ya ugomvi,

Awor

N.B. Vile vigingi viwili vilivyovunjika, najua huko viko madukani. Usivitume. Vilete.