Inchi Moja ya Shemeji

Jumatatu, 3 Machi
Leo nimetunga uzi kwenye sindano mara moja tu, bila miwani! Miaka sabini na sita, jicho kama la mwewe.

Uongo. Nimejaribu mara kumi na moja, uzi nimeulamba mpaka ulimi umekauka. Mwisho nikaenda mlango wa pili kwa fundi saa. Akanitungia sindano sita, akazichomeka kwenye kola yangu. Mtu mzuri. Cherehani yenyewe haina shida: uzi wa zamani siutoi, naufunga mpya mkiani na kuvuta mpaka upite.

Binti yangu asijue. Tangu nijishone kidole mwezi uliopita, anataka kuigawa cherehani. Eti baba, pumzika. Nitapumzika nikishazikwa, tena bila kusumbuliwa!

Tumepatana hivi. Shemeji yangu, kaka wa marehemu mke wangu, mwalimu mstaafu, amealikwa chakula cha mchana Jumamosi na wanafunzi wake wa zamani. Namshonea mimi. Nguo zikimkaa, cherehani inabaki. Zisipomkaa, inaondoka. Mwamuzi ni binti.

Jumanne, 4 Machi
Shemeji amekuja na kadi ya mwaliko. Imeandikwa: nadhifu, lakini siyo suti.
"Sasa hiyo ni nguo gani, shemeji? Nusu uchi?"
Nikamweleza. Koti jepesi lisilo na bitana, bega bila sponji. Suruali ya kadeti, ile ya kitambaa cha pamba. Shati bila tai. Viatu vya kahawia, mkanda rangi hiyohiyo. Tai yake amebaki ameishika mkononi kama mtu aliyevuliwa cheo.

Nimempima na viatu miguuni — suruali hupimwa na kiatu chake, siyo na soksi. Ajabu, ameongezeka kimo! Mke wangu alizoea kusema kaka yake anamfika begani. Labda wengine uzee unawarefusha.

"Kwa macho hayo," akasema, "utanishonea mikono miguuni."
"Nitaanza na huo mdomo."

Alhamisi, 6 Machi
Jana shemeji alinyeshewa. Leo ametia viatu kwenye mfuko, akampa binti aniletee nivitengeneze. Ndani, kisiginoni, nimekuta mabonge ya karatasi na boksi, yamelowa tepetepe. Nimefurahi! Miaka thelathini namwambia: kiatu kikilowa kijaze gazeti, kisipoteze umbo. Hatimaye amenisikia, ingawa amejaza upande usiofaa. Mwalimu huyo!

Mabonge nimetupa. Nimejaza gazeti kavu mpaka kwenye vidole, nimeviweka kivulini. Jua linapasua ngozi.
Sindano zenye uzi zimebaki mbili.

Ijumaa, 7 Machi
Brashi kwanza. Kisha dawa ya viatu, kidogo kidogo, kwa kipande cha fulana kuukuu, mduara juu ya mduara. Soli za ndani zilikuwa zimechakaa, nimebandika mpya za ngozi, laini kama shavu. Zawadi. Ncha ya kiatu sasa unaweza kujitazama ukanyoa ndevu.

Pindo la suruali nimelishona kwa mkono, nje huoni hata kishono kimoja. Sindano zenye uzi zimeisha. Fundi saa amefunga, amesafiri mpaka Jumatatu. Haidhuru, kazi imekwisha!

Jumamosi, 8 Machi
Haijakwisha.

Shemeji amefika saa nne asubuhi. Koti limemkaa, hata yeye amejigeuza mbele ya kioo mara tatu. Suruali — lahaula! Imemmwagikia viatuni. Inchi nzima, anaikanyaga.
"Nilisema mimi! Macho!"
Nikaipima. Kipimo ni kilekile cha Jumanne.
"Suruali haijarefuka," nikamwambia. "Basi aliyefupika ni mtu."

Hapo akaketi. Akavua kiatu, akaingiza kidole kisiginoni, akabonyeza.
"Shemeji," akaniuliza chinichini, "vilivyokuwa humu viko wapi?"

Kumbe! Miaka yote hiyo anasimama juu ya boksi! Nimecheka mpaka nikashika meza. Kisha nikauona uso wake, nikaacha. Wanafunzi wale, akasema, walianza kumpita kimo tangu wakiwa darasani. Hataki leo tena wamwinamie.

Tumekunja boksi jipya. Hatua tatu tu, likateleza juu ya soli yangu laini, likachungulia nyuma kama ulimi. Hapana. Pindo lazima lipande. Nikamwambia suruali isiyokunjamana viatuni humrefusha mtu, na hilo silo la kumbembeleza, ndivyo ilivyo. Nikamwahidi pia binti hatasikia habari ya boksi, wala mwingine yeyote.
"Nina deni lako, shemeji," akasema. Mara ya kwanza maishani.

Nimefumua pindo; kwa cherehani mshono utaonekana nje, lazima mkono. Binti anakuja saa tano kuamua. Nimeshika sindano. Mara ya kwanza. Ya nne. Ya tisa. Uzi unakwenda kushoto, unakwenda kulia, kila mahali isipokuwa tunduni. Shemeji amesimama na koti na chupi, ananitazama. Hatanii tena. Ameelewa. Neno moja lake kwa binti, na cherehani inapakiwa leo leo.

Nimeshika kalamu nimpe muda wa kufikiri, tena nisiyatazame yale magoti.

Geti limelia. Binti huyo.

Namnyooshea sindano na uzi. "Shemeji, lile deni — nitungie huu, kisha nirudishie kana kwamba hukuugusa."