Nitatoa Ushahidi Jumanne, na Sijui Tena Nilimwona Nani

Mpendwa Mama Teresiah, nakuandikia kutoka mtaa wa Baba Dogo, na usiponijibu sijui nitamwendea nani. Mimi ni mchongaji wa vinyago, na asubuhi moja ya Julai mwaka wa tisini na tatu, ukungu umeshuka mpaka huoni mlango wa jirani, nilikuwa naenda kazini nikasikia nduru kwenye ghala la mbao, kisha mtu mrefu mwenye sweta ya kijani akatoka mbio akanipita nusura anikanyage, na ndani nikamkuta mzee Nzivo, mlinzi wa pale, amelala kwenye maranda, hapumui. Niliandikisha taarifa polisi siku hiyohiyo. Baada ya wiki wakamshika Muindi, dereva wa lori, kwa sababu ana sweta kama ile, na tangu hapo ni miaka minne, yeye yuko rumande na mimi naitwa kortini na kurudishwa, mara jaji yuko likizo, mara faili halionekani, mara wakili anaumwa, nami nakaa kwenye benchi namtazama Muindi, naye ananitazama, mpaka kovu lililo juu ya jicho lake nalijua kama kiganja changu.

Sasa Mama, mwaka wa kwanza nilikuwa naota ule ukungu, na mtu anatoka ndani yake hana uso. Mwaka wa pili akapata macho. Siku hizi hakimbii tena, anakuja polepole, kimya kabisa, maranda yanaelea hewani, naye ni Muindi na kovu lake, ananiuliza nimeamkaje. Hata mchana nikichonga, kisu kinajiendea chenyewe, nikishtuka nimemchonga yeye. Jumanne ijayo kesi inasikizwa kweli, na Ndindi, mjane wa marehemu, kila Jumapili ananishika mkono nje ya kanisa akisema, "Mwanangu, wewe ndiwe macho yangu." Nikisema ni Muindi, atanyongwa. Nikisema sijui, nitamuua mama wa watu kwa uchungu. Je, nilimwona au nilimwota?

Shahidi, Baba Dogo

Mama Teresiah anajibu: Pole sana, mwanangu. Lakini ngoja nikukemee kwanza. Mjane amekuita macho yake miaka yote hii, nawe unajua yalijaa ukungu, ukanyamaza? Ala! Hapo umekosa.

Wahenga walisema ngojangoja huumiza matumbo. Hii ya korti zetu imeumiza mpaka macho. Mketishe mtu mbele ya uso mmoja miaka minne, uso huo utamwingia usingizini atake asitake. Siwezi kukuambia Muindi hakuua. Huenda aliua. Ila wewe hukumwona, na umejijibu mwenyewe: ndoto ilipokuwa changa haikuwa na uso. Huo uso umeupata kortini, si ghalani.

Jumatatu nenda kwa kiongozi wa mashtaka, akusomee taarifa uliyoandikisha siku ile. Ukisimama kutoa ushahidi, sema ukungu, sema urefu, sema sweta, basi. Ukiulizwa uso, sema hukuuona. Wakili akikusukuma uongeze, usiongeze hata nukta.

Lakini kabla ya hayo, Jumapili hii usimngoje Ndindi nje ya kanisa. Nenda kwake nyumbani umwambie mwenyewe, asije akayasikia mbele ya watu. Atalia, na pengine atakufukuza. Usijitetee. Toka, na Jumanne uende ukaseme yaleyale, hata akiwa amekaa benchi la mbele anakutazama.